Chini ya Bahari Nako Kuna Urithi Wetu

Hotuba iliyotolewa kwenye hafla ya Siku ya Uhuru, Jebel Ali

 

Nimeombwa nizungumze juu ya bahari. Bahari iliyo mbele yetu hapa Jebel Ali ni ya kina kifupi. Wastani wa Ghuba nzima ni kama mita 35 tu. Leo nataka tuzame zaidi. Watoto, chukueni Burj Khalifa, yenye urefu wa mita 828. Pangeni tano, moja juu ya nyingine, halafu mzizamishe. Hapo ndipo mtaanza kugusa sakafu ya Bahari ya Pasifiki kati ya Hawaii na Meksiko, katika eneo liitwalo Clarion-Clipperton.

Sakafu hiyo imetapakaa mawe meusi yenye ukubwa wa kiazi. Ndani yake mna manganizi, nikeli, shaba na kobalti, madini yanayotafutwa kwa ajili ya betri. Jiwe moja hukua milimita chache tu kwa miaka milioni moja. Sasa kuna kampuni zinazotaka kuyazoa kwa mashine na kuyavuta juu kwa bomba.

Kabla mashine haijashuka, wanasayansi hutakiwa kuhesabu kwanza wenye nyumba. Hushusha sanduku la chuma likakata kipande cha tope, wakalipandisha melini, wakachekecha na kuhesabu minyoo, konokono na majongoo bahari, mmoja mmoja. Bila hesabu ya kabla, hakuna atakayeweza kusema baadaye ni nini kilichopotea. Kisha hutengwa eneo lisiloguswa, ili lilinganishwe na lile lililochimbwa.

Matokeo yake? Mwaka 2023 watafiti walikusanya rekodi zote za Clarion-Clipperton wakakuta aina 5,578 za wanyama, na takriban tisa katika kila kumi hazijapewa jina la kisayansi. Maana yake tunaweza kumfuta kiumbe kabla hatujamwita jina.

Mwaka 1989 wanasayansi wa Ujerumani waliburuta plau kwenye sakafu ya bahari mbali na pwani ya Peru, ili waone itachukua muda gani kupona. Waliporudi mwaka 2015, baada ya miaka 26, alama za plau zilikuwa bado zinaonekana. Na hilo ni jeraha la plau tu. Mashine ya kuchimba huondoa mawe yenyewe, ambayo ndiyo makazi ya wanyama wengi, tena hutimua tope. Aliyewahi kuona meli ikinyonya mchanga pwani hii anajua maji yanavyogeuka rangi. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu: vumbi linaloonekana dogo kwetu laweza kumziba pumzi mnyama mdogo wa kilindini.

Msiseme Pasifiki ni mbali. Katika Bahari yetu ya Hindi, kwenye chemchemi za maji moto kilindini, yupo konokono mwenye magamba yenye chuma mguuni. Mwaka 2019 aliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kwa sababu ya tishio la uchimbaji huu, wa kwanza kuorodheshwa kwa sababu hiyo.

Sasa nije kwenye Uhuru. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unasema sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi zote ni urithi wa pamoja wa wanadamu. Tume iliyoandaa mamlaka ya kuisimamia, ambayo leo iko Kingston, Jamaika, mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Mtanzania: Joseph Sinde Warioba, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wetu. Nchi iliyokuwa na miaka ishirini na ushei tu ya uhuru ilikaa kwenye kiti cha mbele dunia ilipogawana kilindi.

Kiti hicho kina kazi hata leo. Nikeli ikizolewa baharini, bei yake itagusa nikeli ya Kabanga, kule Ngara. Wenzetu wa Kongo wanategemea kobalti na shaba. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza: wenye nyumba wamehesabiwa? Nani atalipa uharibifu? Faida itagawanywaje? Mimi nasema maswali haya yajibiwe kwanza, mashine zisubiri. Mawe hayo yamekaa huko mamilioni ya miaka, hayaozi.

Wazazi, mtoto akisema anataka kusoma viumbe vya bahari, msimwambie hakuna kazi. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Zanzibar. Na ninyi watoto, aina elfu kadhaa zinangoja majina. Kwa nini moja isiitwe kwa Kiswahili?