MLANGO WA NYUMA WA PIKAPU NA TRELA LA CHAMA

Maneno ya mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Watu wa Tabora hawana haja ya kufundishwa na mgeni juu ya uzito wa mzigo. Kabla reli haijafika mjini humo mwaka 1912, sehemu kubwa ya bidhaa zilizopita kati ya Bagamoyo na Ujiji zilipita mabegani na vichwani mwa watu, na wengi wa watu hao walikuwa Wanyamwezi. Burton na Speke walipofika Kazeh, penye Tabora ya leo, mwezi wa Novemba mwaka 1857, waliletwa na kazi ya wapagazi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa wastani wa frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, nao ulifungwa kwa ustadi, kwa maana safari ilikuwa ya miezi na wala si ya siku.

Miongoni mwa namna za kubeba zilizotumika njiani humo ilikuwapo ile ya mzegazega: mti mmoja begani, mzigo mmoja ukining'inia mbele na mwingine nyuma. Mpagazi aliyeona mzigo wa nyuma unazidi ule wa mbele hakubishana nao. Aliusogeza mti mpaka bega likawa karibu na upande mzito, kisha akaendelea na safari. Asipofanya hivyo, ncha ya mbele ilipanda juu, mti ukayumba, naye akachoka kabla ya kambi.

Elimu hiyo ya bega na mti ndiyo inayohitajika leo katika jambo linaloonekana dogo, nalo ni mlango wa nyuma wa pikapu inayokokota trela. Vyama vingi husafirisha mbolea kwenda kwa wanachama na marobota ya tumbaku kwenda kwenye kituo cha soko kwa pikapu na trela dogo. Mlango huo hushushwa ili marobota mawili matatu zaidi yapate nafasi, au ili watu wapate pa kukaa. Yafaa ieleweke kwa nini desturi hiyo ni ya hasara, na mara nyingine ni ya mauti.

Bega la gari ni ekseli ya nyuma

Pikapu ni mzegazega wa chuma. Bega lake ni ekseli ya nyuma. Kilicho mbele ya ekseli hiyo hugawanywa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kilicho nyuma yake huikandamiza ekseli na papo hapo huinua pua ya gari. Mlango ulioshushwa uko nyuma kabisa, yaani kwenye ncha ya mti.

Mfano wa hesabu utaliweka jambo hili wazi. Ichukuliwe kwamba kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya pikapu kuna meta 3, na kwamba marobota yenye jumla ya kilo 100 yamewekwa juu ya mlango ulioshushwa, meta 1.3 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya nyuma haitabeba kilo 100 zaidi, bali kilo 143. Zile kilo 43 za ziada zimetoka mbele: magurudumu ya kuongozea yamepunguziwa uzito kwa kiasi hicho hicho.

Sasa liongezwe trela. Trela lenye uzito wa kilo 1,000 pamoja na mzigo wake, likipakiwa sawasawa, hulalia kiungo chake kwa kiasi cha kilo 100 hadi 150, yaani sehemu 10 hadi 15 katika kila mia. Kiungo hicho nacho kiko nyuma ya ekseli, karibu na pale ulipo mlango. Kwa hiyo marobota ya mlangoni na shingo ya trela huvuta ncha ile ile ya mti. Dereva huona usukani umekuwa mwepesi, akadhani gari limekaa vizuri. Kumbe wepesi huo ndio onyo. Kwenye kona yenye mchanga magurudumu ya mbele hayatashika njia, na trela litaanza kuitingisha pikapu kama mbwa anayetikiswa na mkia wake.

Mlango si sakafu

Jambo la pili ni la mlango wenyewe. Umetengenezwa kuzuia mzigo usitoke. Haukutengenezwa kuubeba mzigo safarini. Ukishushwa hushikiliwa na bawaba chini, na nyaya au vyuma viwili vyembamba pembeni. Gari likiwa limesimama, vitu hivyo humstahimili mtu anayepakia. Gari likiwa katika njia ya vumbi yenye matuta madogomadogo, kila mruko huongeza uzito wa mzigo kwa ghafula, na waya uliovumilia asubuhi hukatika mchana.

Robota likianguka hapo haliangukii barabarani tu. Huangukia shingo ya trela na kuingia chini ya magurudumu yake. Mwanachama aliyechoma kuni usiku kucha bandani, aliyechambua majani moja moja na kuyapanga kwa madaraja, hupoteza daraja kwa dakika moja kwa sababu robota limepasuka na majani yameingia mchanga. Hasara hiyo haimwangukii dereva, wala chama kama jina. Humwangukia mkulima mmoja mwenye namba yake katika daftari.

Tena upo wakati ambapo kinachoanguka si robota. Baada ya mauzo watu hutaka kurudi nyumbani, na mlango ulioshushwa huonekana kuwa benchi nzuri. Mtu aketiye hapo ameketi kati ya magari mawili. Akiteleza hana pa kuangukia ila mbele ya magurudumu ya trela, na dereva hawezi kumwona. Katibu anayekataa kuondoa gari mpaka watu hao washuke hawanyanyasi wanachama wake. Anawalinda wasiwe mzigo wa msiba kwa chama kizima.

Mahali magari mawili yanapokutana

Jambo la tatu ni nafasi. Mlango ukishushwa huongeza kama nusu meta nyuma ya pikapu, juu ya kiungo cha trela. Njia ikiwa tambarare na imenyooka, nafasi hiyo yaweza kutosha. Lakini gari likikata kona kali, au likirudi nyuma kwenye ghala, pembe ya trela husogea na kuugonga ukingo wa mlango. Gari likivuka korongo, pikapu huanza kupanda wakati trela lingali linashuka. Hapo sehemu za juu za magari hayo mawili husogeleana, na mlango hubanwa kati yake. Madereva wengi wamesikia mlio huo wa bati wakadhani ni jiwe.

Isitoshe, mlango ulioshushwa waweza kuficha taa na namba ya gari. Ndiyo maana trela lapaswa kuwa na taa zake zenyewe za breki na za kuonyesha upande, zinazowaka kwa waya uliounganishwa na pikapu, pamoja na namba inayoonekana kwa aliye nyuma.

Wapo wanaosema kwamba mlango ukishushwa gari hupita upepo vizuri na mafuta hupungua matumizi. Majaribio hayakuthibitisha hivyo. Mlango ukiwa umefungwa, hewa huzunguka ndani ya bodi na kufanya kama mto, na upepo unaotoka juu ya paa hupita juu ya mto huo. Mlango ukishushwa mto huvunjika, wala hakuna akiba inayopatikana.

Trela la gurudumu la tano

Huenda mwanachama akauliza: mbona malori makubwa yanayochukua tumbaku kwenda viwanda vya Morogoro hayana tabu hiyo? Jibu lake lafundisha. Trela la lori kubwa halikokotwi kwa ncha ya nyuma ya gari. Shingo yake hulala juu ya sahani ya chuma iliyofungwa juu ya ekseli za nyuma za kichwa cha lori, na pini yake hushikwa katikati ya sahani hiyo. Sahani hiyo huitwa gurudumu la tano, jina lililotoka katika magari ya farasi, ambayo yalikuwa na magurudumu manne ya kutembelea na duara la tano lililolala, la kugeuzia ekseli ya mbele. Kwa njia hiyo uzito wa trela huwekwa begani penyewe, si kwenye ncha ya mti. Ndiyo hekima ile ile ya mpagazi.

Huko Marekani wakulima na wasafiri hufunga sahani ya namna hiyo ndani ya bodi ya pikapu kubwa, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Uzito hukaa vizuri, lakini mlango wa nyuma huwa mashakani, kwa kuwa shingo ya trela lazima ipite juu yake. Kanuni yao ni fupi. Mlango hushushwa kabla ya kurudisha gari chini ya trela. Pini ikishashikwa na kufungwa, mlango hupandishwa, ikiwa nafasi yaruhusu. Kabla ya kulitoa gari chini ya trela, mlango hushushwa tena. Anayesahau hatua hiyo ya mwisho hung'oa mlango wake mwenyewe, na wanaosahau si wachache.

Hushauriwa pia kuacha nafasi ipatayo sentimita 15 kati ya kingo za bodi na tumbo la shingo ya trela, kwa sababu gari linapovuka kilele cha tuta shingo hushuka kuelekea mlangoni. Wengine hununua mlango uliokatwa katikati ili shingo ipite. Hata milango mipya yenye kufunguka kwa vipande haikuondoa haja ya uangalifu: baadhi yake ikifunguliwa kipande cha ndani wakati kiungo cha kukokotea kingali mahali pake, hujigonga na kupinda.

Chama chochote kisishawishike kufunga sahani ya namna hiyo katika pikapu ndogo ya kawaida kwa kazi ya gereji ya mtaani. Pikapu hizo hazikuundwa kwa uzito huo, na trela la gurudumu la tano hulalia gari kwa sehemu 15 hadi 25 katika kila mia ya uzito wake. Kinachofaa kuchukuliwa huko ni kanuni, wala si chuma.

Mambo ya kushika

Kwanza, mzigo mzito upakiwe mbele ya ekseli ya nyuma, karibu na chumba cha dereva, na mwepesi ufuate. Katika trela, mzigo mzito kidogo uwe mbele ya ekseli yake, ili shingo ilalie kiungo kwa kiasi kilichotajwa. Trela lililolemewa nyuma huyumba vibaya zaidi.

Pili, mlango ushushwe wakati wa kupakia na kupakua tu, gari likiwa limesimama na limenyooka na trela lake. Robota lipitishwe mlangoni, lisilale hapo.

Tatu, marobota yasiyopata nafasi mlango ukifungwa yangoje safari ya pili, yakiwa yamefunikwa kwa turubai. Gharama ya mafuta ya safari moja yajulikana na yaweza kuandikwa. Gharama ya robota lililopasuka, au ya mtu aliyevunjika, haina mwisho wake katika daftari.

Nne, kabla ya kuondoka dereva mwenyewe, si utingo, azunguke gari: mlango umefungwa pande zote mbili, kiungo kimeingia na pini yake ya usalama ipo, minyororo imefungwa, taa zinawaka, matairi yana upepo. Katibu aandike katika hati ya mzigo kwamba mambo hayo yametazamwa, na dereva atie sahihi.

Tano, waya wa mlango uliolegea na bawaba iliyopinda vitengenezwe kabla ya msimu wa masoko. Kamati iliyoona kasoro hiyo ikanyamaza isimlaumu dereva peke yake siku ya hasara.

Ndugu wanachama, katika misafara ya zamani alikuwapo kirangozi, aliyetangulia mbele na kuwaonyesha wengine njia. Wapagazi walimfuata kwa sababu walijua kwamba kosa la mmoja njiani ni tabu ya msafara wote. Chama cha msingi ni msafara wa namna hiyo. Mkulima wa kijijini, mwenye robota lake moja katika pikapu iliyokwenda sokoni, hayupo kuutazama mlango. Amewaachia katibu na dereva wautazame kwa niaba yake. Kuufunga ni kazi ya nusu dakika, nayo ni sehemu ya uaminifu ambao ushirika umejengwa juu yake.