Kutafuta Wenzako wa Kuacha Pombe

Leo sitasema juu ya malaria wala kipindupindu. Nitasema juu ya chupa.

Mtu akishikwa na malaria, jamaa inamleta hospitali mbio. Mtu akilala njiani juu ya lutuku, watu wanacheka. Lakini ulevi ni ugonjwa pia. Mwili umezoea pombe, na bila ile pombe hauwezi tena kutulia. Mwenyewe atakuambia: «Mimi si mulevi, minakunywaka kidogo tu juu ya kutosha muchoko.» Basi umuulize pole pole: asubuhi mikono inatetemeka mpaka unywe? Feza ya ndagala inafika nyumbani, ao inaishia njiani? Umeapa mara ngapi kuacha? Yule anayeapa kila mwezi na kuanguka kila mwezi, msiseme hana haya. Anapigana peke yake na kitu kinachomshinda.

Sikieni habari hii. Mwaka 1935, huko Marekani, mfanya biashara mmoja jina lake Bill Wilson alikuwa safarini katika mji wa Akron. Alikuwa mlevi mkubwa, ameacha pombe kwa miezi michache tu. Kazi iliyomleta ikaharibika. Akasimama ndani ya hoteli, upande mmoja kuna baa na watu wanacheka. Akaogopa. Kumbe hakukimbia chumbani kujifunga. Alichukua simu akapigia watu wa makanisa, akiuliza: nani anajua mlevi mwingine ambaye ninaweza kuongea naye? Wakamfikisha kwa Bob Smith, muganga wa kupasua, mlevi vilevile. Waliongea kwa saa nyingi. Muganga yule alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na toka hawa wawili likatoka kundi la Alcoholics Anonymous, wanaloliita AA. Leo liko katika inchi nyingi, hata kwa jirani zetu wa Kenya. Lakini zamani kuliko hilo, mwaka 1877, mchungaji Louis-Lucien Rochat wa Uswisi alikuwa ameanzisha Msalaba wa Buluu, Croix-Bleue, kwa kazi kama hiyo.

Angalieni: Bill hakutafuta mtu wa kumhubiria. Alitafuta mgonjwa mwenzake. Mlevi anajua uongo wote wa mlevi, kwa hiyo hawezi kumdanganya.

Wengine watasema, hayo ni mambo ya wazungu. Si kweli. Hapa Fizi wazee wa Kibembe walikuwa na lubunga, mahali pa wanaume kukaa pamoja na kuongea mambo. Mkutano huu ni wa kukaa namna ile, pasipo kikombe. Mmoja anasema yaliyompata, wengine wanasikiliza, hakuna anayekata neno lake. Hakuna kulipa ili kuingia. Neno lililosemwa ndani halitoki nje, na hapo ndipo vikundi vingi vinavunjika, sababu mji wetu ni mdogo na midomo ni mingi. Sharti moja tu: uwe unataka kuacha.

Na inasaidia kweli? Mwaka 2020 wachunguzi wa shirika la Cochrane walipima pamoja uchunguzi 27, wenye watu zaidi ya 10,000. Waliona kwamba kumsaidia mtu aingie katika njia ya AA kunafanya abaki bila pombe sawa na matunzo mengine, ao hata kuyapita.

Namna gani utawapata wenzako Baraka, ao Mboko, ao Kazimia? Usingoje nyumba yenye kibao. Uliza infirmie wa kituo cha afya, uliza mchungaji, kiongozi wa shirika, imamu wa msikiti: «Nani aliyekuwa akinywa na sasa ameacha?» Katika kila mtaa watu wanamjua mmoja. Nenda kwake mchana, mseme. Mkiwa wawili, mkutano umeanza. Chagueni siku na saa, na mahali mbali na wanaouza pombe. Wavuvi, fikirini zaidi juu ya siku za mwezi mpevu, wakati taa hazivutii samaki na mitumbwi inalala. Siku zile feza iko mfukoni na kazi hakuna. Mkutane hasa siku zile.

Lakini neno moja la kuogopesha. Anayekunywa pombe kali kila siku asikate ghafula akiwa peke yake nyumbani. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Siku ya pili mpaka ya ine anaweza kuona vitu visivyokuwepo, kutetemeka, kuwaka homa, hata kufa. Jamaa inasema amelogwa, inampeleka kwingine, na wakati unapita. Mumlete hospitali kwanza. Kuna dawa ya kutuliza, kama diazepam, na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Kundi litamngojea.

Na mama anayekunywa? Huyu anajificha zaidi, sababu mwanaume mlevi anachekwa, mwanamke mlevi anafukuzwa. Tena wako wanaopika lutuku wenyewe ili walipe masomo ya watoto, na kuionja ni sehemu ya kazi. Asiketi katikati ya wanaume wanaomjua bwana wake. Wanawake wawe na mkutano wao, soko likiisha, watoto wakicheza karibu.