Taka za Shule za Vijijini: Kutoka Shimoni hadi Bustanini

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wazazi, walimu na wajumbe wa kamati za shule)



Gari la taka huishia mjini. Shule ya kijijini hubaki na shimo lake nyuma ya madarasa, na kiberiti. Karatasi, maganda ya ndizi na chupa za maji hutupwa pamoja, kisha huchomwa. Moshi wa plastiki una sumu, na wa kwanza kuuvuta ni watoto waliotumwa kuwasha moto. Kisichoungua hupeperushwa hadi malishoni, ng'ombe akakimeza. Chupa na makopo yakijaa maji ya mvua huwa mazalia ya mbu, akiwemo yule aenezaye homa ya dengue.

Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Chupa za maji, hata hivyo, zingali madukani, na nyingi huishia kwenye shimo lile lile.

Urejelezaji shuleni huanza na jambo moja dogo: kutenganisha. Mapipa matatu hutosha: moja la taka zinazooza, la pili la karatasi, la tatu la plastiki na makopo. Debe kuukuu au gunia lililofungwa kwenye miti hufanya kazi ile ile.

Taka zinazooza ndizo zianze, kwa kuwa faida yake haimngoji mnunuzi. Majani makavu na mabaki mabichi hupangwa kwa tabaka, hunyunyiziwa maji na kugeuzwa kila baada ya wiki moja au mbili. Baada ya miezi miwili au mitatu hupatikana mboji nyeusi isiyonuka, nayo huenda moja kwa moja kwenye bustani ya mchicha ya shule.

Plastiki yadai hesabu zaidi. Chupa tupu ya nusu lita huwa na uzito wa gramu 10 hadi 20 hivi, hivyo kilo moja huhitaji chupa 50 hadi 100. Shule moja ikisafirisha peke yake, nauli humeza mapato yote. Yafaa shule za kata ziungane: ichaguliwe shule moja iliyo kando ya barabara, litengwe banda kavu, na mnunuzi aitwe mzigo ukitosha. Mnunuzi na bei vijulikane kabla ya gunia la kwanza kujazwa, la sivyo banda litageuka jalala jipya.

Yapo mambo mawili ya kuangaliwa kwa uangalifu. La kwanza ni watoto. Mwanafunzi hutenganisha taka za shule yake. Haendi kuokota majalalani, wala kazi hii haiwi adhabu au kisingizio cha kukosa kipindi. Vioo, betri na sindano hushikwa na watu wazima pekee. La pili ni fedha. Kila shilingi iandikwe kwenye daftari, na hesabu isomwe katika mkutano wa wazazi. Mzazi asiyejua fedha zilikokwenda hatampa mwanawe chupa ya kupeleka shuleni.

Mipango ya namna hii mara nyingi hufa mwalimu mmoja anapohamishwa. Dawa yake ni kuwa na walimu wawili wasimamizi, klabu ya mazingira yenye wanafunzi wa madarasa mbalimbali, na daftari linalokabidhiwa kwa maandishi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na pia inamtwika wajibu wa kuyalinda. Kamati ya shule ikikaa safari ijayo, ajenda ya kwanza iwe shimo lile la nyuma ya madarasa. Wajumbe walitazame kwa macho yao, kisha waamue nani ataleta debe la kwanza.

Usia wa wahenga ungali hai: samaki mkunje angali mbichi.