Mawasiliano Yakikatika, Mizani Isimame?



Reli iliyoandama njia ya kale ya misafara ilifika Tabora mwaka 1912. Ilikuwa njia moja, na treni zenye kuelekeana hupishana stesheni. Katika njia kama hiyo, simu ya stesheni ikikatika, treni hungoja: kuchelewa ni hasara, kugongana ni msiba.

Kompyuta za vyama zikiunganishwa na Chama Kikuu, swali ni lile lile, ila jibu hugawanyika. Siku ya soko la tumbaku mizani isisimame. Mkulima ametoka mbali. Uzito uandikwe papo hapo, kila robota na namba yake, ili taarifa ikitumwa mara mbili ihesabiwe mara moja. Malipo na makato ya pembejeo, hayo yangoje. Fedha iliyolipwa mara mbili hairudi kirahisi, makatibu mnajua.

Basi kabla ya kununua mashine, kila Bodi iamue kipi kingoje.