Istilahi Zinazotangulia Toleo: Mfano wa Mfumo Endeshi wa OpenBSD



Desturi yetu ni kuunda istilahi za kompyuta baada ya bidhaa kuwafikia watu. Hoja yangu leo ni kwamba, kwa mfumo endeshi uliojengwa kwa ajili ya usalama, desturi hiyo humchelewesha msomaji, na kuchelewa huko kwaweza kumdhuru.

OpenBSD, mradi ulioasisiwa na Theo de Raadt nchini Kanada mwaka 1995, hutoa toleo jipya takriban kila baada ya miezi 6, na matoleo 2 ya mwisho tu ndiyo yanayopewa marekebisho ya usalama. Toleo basi huishi kama mwaka mmoja. Mwongozo wa Kiswahili unaochukua miaka 2 kutafsiriwa, kuhaririwa na kupigwa chapa utamfundisha msomaji mfumo ambao nyufa zake hazizibwi tena.

Hata hivyo, mabadiliko ya mfumo huu huandikwa hadharani miezi kadhaa kabla ya toleo. Mwanaistilahi aweza kuyasoma mapema, mradi asome utendaji, asikomee kwenye jina. Mwaka 2015 waundaji wake walianza kutengeneza kinga waliyoiita ‘tame’, yaani kufuga. Mwaka huohuo wakaibadili jina kuwa ‘pledge’, yaani ahadi, na kwa jina hilo ikatoka katika toleo la 5.9, Machi 2016. Utendaji wenyewe ni huu: programu hutangaza aina za huduma itakazoomba kwa kiini cha mfumo, ikiomba nyingine, kiini huiua papo hapo. Yaweza kupunguza ilichotangaza, haiwezi kuongeza.

Je, hiyo ni ahadi? Ahadi kwetu ni deni, na mdeni huweza kusamehewa au kuongezewa muda. Nadhiri nayo, kwa kawaida, hungoja jambo litimie kwanza. Mimi nachagua kiapo, kwani anayekivunja humrudia mwenyewe, tena bila kuhojiwa. (Najua baadhi yenu mtapendelea yamini; sina ugomvi nayo.) Neno hilo lingefaa hata jina lilipokuwa ‘tame’.

Mtihani mgumu zaidi ni ‘unveil’, iliyotoka katika toleo la 6.4, Oktoba 2018. Jina lasema kufunua. Kumbe programu inapoitumia kwa mara ya kwanza na kutaja njia ya faili, mafaili mengine yote hufichika machoni pake, ikabakiwa na ile njia iliyotajwa tu. Tukiandika “kufunua”, mwanafunzi atadhani anafungua milango ilhali anaifunga. Napendekeza “kubakiza”. Watakaolalamika kwamba sitiari imepotea wanasema kweli. Lakini msimamizi wa mitambo anayesoma usiku, mfumo wake ukiwa umeshambuliwa, hana haja na sitiari ile.