Maji ya Mvua ya Kwanza

Somo la leo ni maji ya mto. Msimamizi wa darasa na aandike ubaoni maneno matatu: kiangazi, uozo, hewa.

Watu wengi husema, "Mvua imekuja, mto umejisafisha." Je, ni kweli? Tuutazame mto Mara. Mto huu huanza katika nchi ya juu ya Mau, Kenya. Hupita Maasai Mara na Serengeti, kisha huingia Ziwa Viktoria upande wa Tanzania. Upande wa Kenya wamo viboko zaidi ya 4,000. Usiku hula majani nchi kavu. Mchana hukaa majini na kunya humo.

Wakati wa kiangazi maji huwa machache, na katika vijito hayaendi mbio. Mavi ya viboko hutuama chini ya madimbwi yakaoza. Vijidudu vinavyoyaozesha hutumia hewa ya oksijeni iliyomo majini. Mwisho maji hayana hewa, tena yananuka.

Kisha mvua kubwa hunyesha. Mafuriko huyasukuma maji yale mabaya kwa mara moja mpaka mto mkubwa. Samaki hukosa hewa, wakafa. Wataalamu waliopima maji ya mto huo walieleza jambo hili mwaka 2018.

Lakini si kila samaki afaye mtoni ameuawa na uozo. Sumu nayo huua. Kwa hiyo mkiona samaki wanaelea, msiwaokote kuwala. Mpelekeeni habari afisa wa uvuvi.

Na sisi tutekao maji mitoni? Maji ya furiko la kwanza yamebeba uchafu wa kiangazi kizima. Kama hamna kisima kilichofunikwa, fanyeni hivi: yaacheni maji yatuame, yachujeni kwa kitambaa safi, kisha yachemsheni. Yakitokota, yaacheni dakika 3. Mkitumia dawa ya klorini, chujeni kwanza vilevile, maana uozo huimaliza nguvu dawa hiyo kabla haijaua vijidudu vya maradhi.

Sasa zoezi. Kila mmoja aandike sentensi tatu: maji ya mto au kijito chenu yana rangi gani wakati wa kiangazi, mvua zianzapo, na mvua zikiisha kuzoeleka? Msomeane darasani. Kwaherini.