Kuunda Upya Injini ya Pikapu Nyumbani: Kwanza Ijulikane Kilichoiua



Injini nitakayoizungumzia ni 3L ya Toyota, ile ya Hilux LN106 ambayo bado inabeba mahindi, mbao na abiria katika barabara zetu. Ina silinda nne zenye kipenyo cha mm 96, na mwendo wa pistoni ni mm 96 vilevile. Haina turbo, haina kompyuta, na bloku yake ni chuma cha kusubu. Kwa sababu hizo inafungulika na kufungika uani, chini ya turubai, mradi anayeifungua ana subira na vifaa vya kupimia. Wenye 2L na 5L watafaidika pia, ila wafuate vipimo vya injini zao.

Hoja yangu ni moja. Injini nyingi zinazoundwa upya kwetu hufa tena mapema, na mara nyingi kosa haliko kwenye spea. Zinakufa kwa sababu kilichoua ile ya kwanza kilibaki ndani ya gari. Ringi mpya zikifungwa chini ya mpira wa hewa wenye ufa, vumbi litazila kama lilivyozila za zamani.

Kwa hiyo kazi inaanza kabla ya spana kugusa nati. Injini ikiwa ya moto, pima kompresheni silinda moja baada ya nyingine. Kitabu cha fundi cha 3L kinataka takriban kg 32 kwa sentimita ya mraba, kinaweka kikomo cha chini kuwa 20, na hakiruhusu tofauti inayozidi 5 kati ya silinda na silinda. Palipo chini, mimina oili kidogo kupitia tundu la nozeli kisha pima tena. Kipimo kikipanda, ringi na silinda zimelika. Kisipopanda, shuku valvu au gasketi ya hedi. Halafu fungua mpira unaotoka kwenye chujio la hewa, upanguse ndani kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na vumbi jekundu, umeshampata mmoja wa wauaji.

Wa pili ni joto. Rejeta iliyoziba tope, feni isiyoshika, na themostati iliyong'olewa. Hapa nasema kwa msisitizo, maana tabia ya kung'oa themostati imeenea kuanzia Dar es Salaam hadi Kigoma, na wanaoifanya wanaamini wanaipoza injini. Katika injini nyingi za Toyota, themostati ikifunguka hufunga pia njia ya mkato ambayo maji huipitia bila kwenda kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi na sehemu ya maji inaendelea kuzunguka yakiwa ya moto. Asubuhi ya baridi kule Makete au Mbeya hali inakuwa kinyume: injini inachelewa kupata joto, dizeli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda. Mwenye gari amepata hasara pande zote mbili. Themostati iwepo, nayo iwe nzima.

Wa tatu ni nozeli inayodondosha badala ya kurusha ukungu, au pampu iliyofunguliwa skrubu ili gari "livute". Moshi mweusi mlimani ni dizeli iliyokosa hewa ya kuunguza, na joto lake hupasua hedi kati ya valvu na kuyeyusha kichwa cha pistoni. Nozeli na pampu zipelekwe kwa mwenye mashine ya kupimia. Hiyo si kazi ya uani, na fundi anayetega nozeli kwa kusikiliza sauti anabahatisha na mali ya mtu.

Injini ikishafunguliwa, kila kifuniko cha konrodi na cha krenki kirudi mahali pake na upande wake, kwa hiyo weka alama kabla hujakilegeza. Osha kila kitu, kisha osha tena. Vumbi la uani ni adui yule yule aliyemaliza ringi za kwanza: mwagia ardhi maji, funika bloku kwa shuka safi unapokwenda kula, na usisage chuma karibu nayo.

Silinda ipimwe juu, katikati na chini, kwa mielekeo miwili. Ikiwa imepanuka zaidi ya takriban mm 0.20, kuiwekea ringi mpya tu ni kutupa fedha. Ipelekwe kwa wenye mashine itanuliwe hadi saizi ya pistoni mpya, au ivishwe slivu irudi saizi ya kawaida. Nunua pistoni kwanza, uzipeleke pamoja na bloku, ili fundi mashine atanue kwa kufuata pistoni aliyoishika mkononi. Hedi nayo ipimwe kwa shinikizo la maji, kwa sababu ufa wa kati ya valvu mara nyingi hauonekani kwa macho. Krenki ikisagwa, nafasi kati yake na beringi huwa takriban mm 0.05, chini ya unene wa unywele. Nafasi hiyo haipimwi kwa kutikisa konrodi kwa mkono. Kipande cha plastigeji kinagharimu kidogo kuliko beringi moja, na kinakwambia ukweli kabla hujafunga.

Ringi ziingizwe moja moja ndani ya silinda yake na nafasi kati ya ncha zake ipimwe kwa fila geji. Ncha zikikaribiana mno, zitakutana injini ikipata moto na kuvunja pistoni. Gasketi ya hedi nayo huja kwa unene tofauti, na unachagua kwa kupima kiasi ambacho pistoni inachungulia juu ya bloku. Dukani wengi huuliza tu "gasketi ya 3L" wakapewa iliyopo. Nenda na kipimo chako.

Kabla ya kushusha hedi, kausha matundu ya bolti. Oili iliyobaki chini ya tundu haibonyei, na bolti ikikazwa juu yake inaweza kupasua bloku. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni kwa hatua: kwanza Nm 78, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 nyingine. Mkanda wa taimingi uwe mpya pamoja na roli yake, hata kama wa zamani unang'aa. Ukikatika, pistoni hukutana na valvu.

Siku ya kuwasha, chomoa waya wa kizimio cha pampu ili injini izunguke bila kushika, na uizungushe kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izimike. Ndipo urudishe waya.

Ushauri wa kuiacha injini mpya ingurume mahali pamoja kutwa nzima siukubali. Ringi hukaa vizuri zikisukumwa na mgandamizo wa mzigo. Injini ikinguruma bure, kuta za silinda hung'aa kama kioo kabla ringi hazijashika, na gari litakula oili maisha yake yote. Ipate joto, hakikisha hakuna panapovuja, kisha iingie barabarani na mzigo mdogo, mwendo ukipanda na kushuka. Mlima Kitonga na tani moja nyuma ungoje. Oili ya kwanza imwagwe kati ya km 500 na 1,000, na chujio likatwe litazamwe ndani. Nafasi za valvu zipimwe tena injini ikiwa baridi: mm 0.20 hadi 0.30 za kuingiza, mm 0.40 hadi 0.50 za kutoa.

Najua wengi watauliza kwa nini wasinunue injini ya mtumba iliyopita Dubai, ikafungwa kwa siku mbili. Kama bloku imetobolewa na konrodi, nunueni. Vinginevyo mnanunua injini msiyoijua ilikotoka, na mnaifunga chini ya mpira ule ule wenye ufa.

Kwa kuwa maikromita, spana ya toki na kipimia kompresheni ni ghali kwa gereji ndogo, napendekeza kila kundi la mafundi wanaofanya kazi mtaa mmoja linunue seti moja ya pamoja, iwe na daftari la kuazimana na mtu mmoja wa kuitunza. Napendekeza pia kila pikapu iliyoundwa upya iwe na karatasi inayobaki kwa mwenye gari, yenye vipimo vyote na sababu iliyoiangusha injini ya kwanza, ili fundi wa pili asianze kubahatisha.